Mwaka Tuliowatoa Kuku Ndani ya Nyumba

Wifi yangu Monika alikuja kunitembelea kiangazi hiki akitokea Nduguti, na kabla hajamaliza maji niliyompa alitoka nje akalizunguka banda langu la kuku mara mbili, mikono mgongoni kama mkaguzi. Hatukuwa tumeonana tangu tulipomzika kaka yake Andrea, ambaye alikuwa mume wangu. Amezeeka, na mimi nimezeeka, ila ulimi wake bado ni wa msichana. "Wifi," akaniuliza, "hili ni lile lile la fundi Issa?" Nikamwambia mawe ni yale yale, miguu ni ile ile, paa nimebadilisha kila nyasi zilipooza, na fito za sakafu nimezibadilisha mpaka nimesahau ni mara ngapi. "Basi si lile lile," akasema. Nikamuuliza, "Na wewe una meno mangapi ya zamani? Mbona ni Monika yule yule?" Akacheka mpaka akashika nguzo ya banda. Ndipo akaniambia kilichomleta. Mke wa mwanawe anataka kununua banda lililoundwa mjini, la waya mtupu na bati juu, zuri kwa macho, limepakwa rangi ya kijani. Monika hakupendezwa nalo lakini hakuwa na maneno ya kulikataa. Alikuja kutafuta maneno kwangu.

Nikampa. Nikamwambia banda la waya hapa kwetu ni sawa na kulaza kuku barabarani, maana upepo wa Singida hauna adabu, unatoka mashariki tangu mwezi wa tano na haukai chini mpaka mvua. Nikamwambia rangi hailali na kuku. Aangalie kwanza miguu ya banda imesimama juu ya nini, kwa sababu mchwa wa Nduguti ni ndugu wa mchwa wa huku. Aangalie kama mtu mzima anaweza kuingiza mabega yake akafagia, kwa sababu banda usiloweza kuingia hutalifagia, na banda usilofagia ni kaburi lenye mlango. Aangalie hewa inaingilia wapi na inatokea wapi. Akawa anaitikia, "Ee, wifi. Ee." Halafu akasema, "Mama angekusikia leo angecheka." Alipokwenda kujinyoosha mchana nilibaki nje na ungo wa karanga mapajani, nabangua bila kuangalia, nikawa narudi mwaka ule. Mimi na Monika tumeishi zaidi ya miaka hamsini bila kuuzungumza, na yeye alikuwepo, alisikia kila kitu.

Nyumba yenyewe ilikuwa tembe, hapa hapa upande wa Mtinko. Mtu aliyezaliwa kwenye nyumba ya bati hawezi kujua tembe lilivyo. Paa ni udongo juu ya miti, unainama kuingia, na ukishaingia macho yanakaa kwanza kimya ndiyo yaanze kuona. Chumba cha mbele kilikuwa na moto na mafiga matatu, mitungi ya maji ukutani, na nyuma ya ukuta mfupi walilala mbuzi. Chumba cha ndani ndimo tulimolala wanawake: mama mkwe kwenye kitanda cha ngozi, mimi na Monika kwenye mkeka, na mwanangu wa kwanza, Yusta, katikati yetu. Kwenye kona ya chumba hicho hicho kulikuwa na mti mrefu umefungwa kutoka ukuta mpaka ukuta, na juu ya mti huo walilala kuku. Walikuwa na mlango wao wenyewe, tundu dogo chini ya ukuta. Jioni waliingia mmoja mmoja kama waumini, kila mmoja na nafasi yake, na alfajiri waliporuka chini walikung'uta mabawa, vumbi likapanda, na ule mwanga mwembamba wa tunduni ukawa mzito kama maziwa. Vumbi hilo lilishuka juu ya mtungi, juu ya mkeka, juu ya uso wa mtoto. Hakuna aliyeliona ni jambo. Kuku walikuwa mali, na mali inalala ndani. Ukilaza kuku nje, watu walikuuliza umegombana nao nini.

Andrea alikuwa kwenye kambi ya barabara, anakuja mwisho wa mwezi, analala siku mbili kwenye chumba cha mbele, anakwenda. Kwa hiyo mwenye nyumba alikuwa mama mkwe. Kila mtu alimwita Mama Andrea. Alikuwa mrefu, mkavu, hana maneno ya kupoteza. Alipika ugali wa mtama mgumu wa kukata na uzi, na mlenda, na siku ya maziwa mgando alitugawia kwa kibuyu bila kuonja mwenyewe mpaka wote tumeshiba. Aliwapenda kuku wake kuliko alivyokubali. Asubuhi alichukua chungu cha zamani, akakijaza mavi makavu ya ng'ombe na mabua, akakifunika kifudifudi kwenye kichuguu, na kesho yake kilikuwa kimejaa mchwa, anawamwagia vifaranga. Aliwaita kwa sauti aliyokuwa hamtolei mtu yeyote, nyembamba na laini, tuu-tuu-tuu-tuu, na walikuja mbio kutoka kwenye minyaa ya uzio, kutoka shambani, kutoka kwa jirani.

Yusta alianza kukohoa akiwa na miezi mitano. Mwanzo ilikuwa kama kusafisha koo. Halafu ikawa kikohozi cha mfululizo, hasa alfajiri kuku wakishuka, na kati ya kikohozi na kikohozi kifua kililia kama mlango mbovu. Hakunenepa. Nilimbeba mgongoni nikaenda zahanati kwa miguu, nikakuta nesi mmoja mwembamba ambaye hakuwa na muda wa kubembeleza mtu. Alisikiliza kifua, akaniuliza tunalala na nini. Nikasema na watu. "Na nini kingine?" Na kuku. Akaweka chini kile kidude cha kusikilizia. "Sikiliza, mama mtoto. Dawa nitakupa, lakini dawa haiwezi kushindana na kitu mnachomrudishia kila siku. Watoe kuku. Baridi ya mwezi wa sita ikimkuta na kifua hiki, mimi sikuahidi." Ulikuwa mwezi wa tatu. Nilirudi njia nzima nikihesabu miezi kwenye vidole vya mguu wa mtoto.

Jioni ile mama mkwe alikuwa anachambua mboga, Monika anasonga ugali. Nilimweleza alivyosema nesi. Alichambua majani kama kumi hivi kabla ya kunijibu. "Huyo nesi ana watoto?" Nikasema sijui. "Mimi nimezaa saba humu ndani. Wote wamelala na kuku. Mama yangu alilala na kuku. Leo kuku wamekuwa sumu?" Nikasema mama, mtoto anaumwa. Akasema, "Watoto wanakohoa. Saba, Paulina. Nimezaa saba." Na mimi nilikuwa nimetembea tangu asubuhi, miguu inawaka, mtoto mgongoni analia kama mlango. Nikafungua mdomo nikamwambia, "Na walio hai wangapi?"

Mwiko ulisimama sufuriani. Walio hai walikuwa watatu, Andrea, Monika, na dada yao aliyeolewa mbali. Kila mtu pale alijua. Mama mkwe hakuinua kichwa. Alimaliza kuchambua ile mboga, akaiosha, akaibandika, akatoka nje akakaa nyuma ya nyumba mpaka chakula kikapoa. Nimesema maneno mengi mabaya maishani mwangu, na mengi yalistahili kusemwa. Lile halikustahili. Lilikuwa kweli, na ukweli wenyewe hauniokoi.

Tangu siku hiyo hakunisemesha. Asubuhi nilipiga magoti, "Shikamoo mama," na aliitikia, "Marahaba," maana salamu haikatwi hata kama watu wamekatana, lakini aliitikia akiangalia ukuta. Mengine yote yalipitia kwa Yusta. Angemchukua mtoto mapajani akamwambia, "Mwambie mama yako mtungi umebaki robo." Au, "Mwambie mama yako mbuzi wa jirani wako kwenye karanga zake." Mtoto wa miezi mitano akawa mjumbe. Monika aliona ni mchezo, akawa naye anafanya hivyo hivyo nikiwa peke yangu: "Yusta, mwambie mama yako ana ngozi ya kifaru." Nikamtupia gunzi.

Kwa hasira nikaamua kujenga mwenyewe. Nilikuwa na nguvu na sikuwa na akili, na vitu hivyo viwili vikikutana kazi inakwenda haraka. Nilichojua kujenga ni tembe, kwa hiyo nilijenga tembe dogo: kuta za udongo, paa la udongo, mlango wa kuingia mbwa, limeegemea ukuta wa nyumba kwa nje. Siku nne. Nililipiga lipu ya mavi ya ng'ombe, likang'aa. Majirani walikuja kuliona, wakasema mkamwana wa Mama Andrea ana mikono. Mama mkwe alikuja akasimama, akaliangalia, akamwambia mtoto, "Mwambie mama yako moto ataweka wapi?" Nikadhani ananikejeli. Kuku na moto wapi na wapi. Jioni nilikamata kuku mmoja mmoja nikawatia humo kwa nguvu, nikaziba mlango kwa jiwe.

Sasa naelewa. Tembe la watu lina moto. Moshi unapanda kila siku kwenye miti ya paa na kwenye nyufa, na wadudu hawakai penye moshi. Tembe langu lilikuwa na joto na giza na udongo usio na moshi, na udongo ulipokauka ukapasuka. Wiki ya tatu niliingiza mkono kuchukua yai, nikautoa umefunikwa na utitiri mpaka kwenye kiwiko, vidudu vidogo kama unga unaotembea. Kuku walikuwa na viroboto wamegandamana kuzunguka macho. Hewa humo ndani ilikuwa nzito ya kuumiza pua, na sikuweza kufagia kwa sababu hakuna aliyeingia humo zaidi ya mkono. Vifaranga walikuwa wamekufa kwenye kona, wamelaliana. Kuku wakubwa wawili walifuata siku hiyo hiyo. Mama mkwe aliondoa jiwe, akawachukua waliobaki, akawapaka mafuta na majivu kuzunguka macho, kuku mmoja baada ya mwingine, kutwa nzima, akawarudisha ndani kwenye mti wao. Hakusema neno, hata kwa mtoto. Yusta alikohoa usiku ule kama kawaida yake, na mwezi wa nne ulikuwa unakwisha.

Andrea alipokuja mwisho wa mwezi nilimweleza yote isipokuwa lile neno. Alinisikiliza akisugua mguu. Akasema, "Mke wangu, udongo umekushinda. Mwite fundi." Fundi tuliyemwita alikuwa mzee Issa, seremala wa Mtinko, mtu mfupi wa kofia ya kushona ambaye vyombo vyake vilining'inia kwenye baiskeli vikigongana, ukimsikia kabla hujamwona. Nilimpikia wali na kuku mmoja aliyebaki na jicho moja. Alikula polepole akisifu, akaisukuma sahani, akauliza, "Haya, binti. Kuku wangapi?"

Nikaangalia chini. Kwetu pale kuku hawahesabiwi kwa mdomo. Ukiwataja idadi, mwewe amekusikia. Kutoka ndani mama mkwe akajibu kwa sauti kubwa, "Wapo!"

"Wapo wangapi, dada yangu?"

"Wapo wa kutosha!"

"Ya Rabi," fundi akamwambia Monika. "Nimejenga mabanda mengi ya 'wapo', na yote yalikuwa madogo. Lete mtama."

Monika akaleta mtama kwenye bakuli. Fundi akaumwaga mahali pamoja, kuku wakaja wakabanana, mikia juu, na yeye akawazunguka akikokota kisigino, akachora mstari pembeni mwao kwenye vumbi. Alipomaliza akawafukuza, pakabaki duara. "Hapa wanakula. Wamebanana kwa sababu ya tamaa," akasema. "Usiku hakuna tamaa. Usiku kuku anajitanua kama mgeni aliyepewa kitanda. Kwa hiyo tunaongeza nusu. Na mwakani watakuwa wamezaa, tunaongeza nusu nyingine. Hakuna aliyehesabu chochote, mwewe hajasikia kitu." Ndani nikasikia mama mkwe ametoa pumzi puani. Kwa mtu kama yeye hicho kilikuwa kicheko.

Halafu tukabishana. Monika alitaka bati, kwa sababu aliliona kwa mwalimu. Fundi akamwambia bati mchana ni kikaango na alfajiri linatoa jasho baridi juu ya mgongo wa kuku. Mimi bado nilikuwa na udongo kichwani, nikasema labda udongo wenye dirisha. "Udongo umeshakufundisha," akasema, "usimlipe mwalimu mara mbili." Yeye alitaka banda la kuinuliwa, juu ya miguu minne ya mtundulu, ule mti wa miiba ambao mchwa wanauonja wanauacha. Na miguu yenyewe isizikwe ardhini. Isimame juu ya mawe. "Mawe Singida mnayo ya kumwaga," akasema, "na mchwa hapandi jiwe bila kujenga njia yake ya udongo. Ukiiona njia, unaifuta kwa mguu. Mchwa unayemwona si adui." Sakafu iwe ya fito, na kati ya fito na fito papite kidole kimoja. Nikasema viwili, mavi yapite vizuri. "Kimoja. Kwenye viwili kifaranga anavunja mguu, na nyegere anaingiza mkono kutoka chini anamvuta kuku vipande vipande." Upande wa mashariki ukandikwe udongo, mzima, usipite hata uzi wa upepo. Upande wa magharibi uwe fito tupu, hewa itoke. Mlango mkubwa. Alinisimamisha, akapima mabega yangu kwa kijiti, akakikata pale pale. "Utaingia humu na ufagio kila Jumamosi. Ukinenepa, niite."

Likabaki suala la mahali. Nilitaka karibu na nyumba, nisikie kama kuna kitu. Akauliza tunawatoa kuku kwa sababu gani. Nikamwonyesha mtoto. Akamwangalia Yusta, akasikiliza kidogo ule mlango mbovu unavyolia, na mzaha ukamtoka usoni. Akaenda hatua ishirini kutoka nyumbani, upande ambao upepo ukitoka kwa kuku hauji kwetu, akachomeka kijiti. "Hapa."

Mama mkwe alikuwa ametoka kusimama mlangoni. Akamwambia mtoto aliyekuwa mgongoni kwangu, "Mwambie fundi kicheche ana miguu, hatua ishirini si kitu kwake."

"Mwambie bibi yako," fundi akamjibu kwa mtoto vile vile, bila kujua kwa nini, "kicheche aje, akute mtundulu."

Alijenga siku sita. Nililipenda lile banda, siwezi kusema uongo. Lilikuwa na harufu ya mti mpya, na paa lake la nyasi lilishuka chini kama kofia ya mzee. Andrea aliomba ruhusa ya siku moja akaja, akalitikisa kwa nguvu zake zote, likakaa. Akarudi kambini ametabasamu. Siku hiyo jioni niliweka mtama ndani, nikasimama pembeni kusubiri. Kuku walikuja mpaka kwenye ngazi. Jogoo akainua shingo, akaangalia ule mlango mkubwa, akatoa mlio wa chini kooni. Halafu akageuka, na wote wakamfuata kwa mstari, polepole, wakavuka hatua zote ishirini, wakainama wakaingia kwenye tundu la nyumba kwenda kwenye mti wao.

Kuku hasahau. Niliwatia kwa nguvu mahali palipowauma macho na kuua watoto wao, na kwao kitu chochote kilichojengwa na Paulina kilikuwa ni kile kile. Kesho yake niliwakamata kwa mikono nikawafungia. Asubuhi niliwafungulia, na jioni wakaenda tena nyumbani. Siku ya tatu nilitapakaa mavi nikiwakimbiza kwenye alizeti, watu wanaotoka kisimani wamesimama. Mama mmoja jirani akaniita kwa sauti, "Paulina! Kuku ndio wamekuacha, au umewaacha wewe?" Mwingine akamjibu, "Wanakwenda kwa mkwe, si unaona? Wamechagua." Wakacheka, na wala hawakuwa wabaya, ningekuwa mimi ningecheka pia. Niliketi kwenye ngazi ya lile banda zuri, tupu, nikalia mara moja tu na kwa muda mfupi. Ulikuwa mwezi wa tano umeingia. Upepo ulikuwa umeanza. Yusta alikuwa ameanza kuacha kunyonya katikati ili avute pumzi.

Nilichokuwa najua, na sikutaka kukijua, ni kwamba wangeitika sauti moja tu. Kuiomba sikuweza. Ningeanzaje? Mtu niliyemuuliza lile swali, nimwambie sasa nisaidie mtoto wangu aishi?

Siku ya nne nilikuwa jikoni, jua limeshaegemea. Nikasikia kitu kinakokotwa. Nikachungulia. Mama mkwe alikuwa amepiga magoti nje ya ukuta, ameweka jiwe kwenye lile tundu la kuku, na anakanda udongo kwenye beseni bovu. Akaliziba. Alipaka udongo kuzunguka jiwe, akaulaini kwa kiganja, vizuri, kama anavyopaka mtu ukuta anaotaka uonekane. Tundu lile lilikuwa pale tangu yeye mwenyewe alipoletwa bibi harusi. Kisha akaingia ndani, akapita mbele yangu bila kuniangalia, akakata kamba za ule mti wa kona kwa kisu cha mboga. Akautoa nje begani, mweusi, umesuguliwa na miguu ya kuku mpaka unang'aa. Monika akanong'ona, "Anakwenda kuuchoma." Hakwenda kuuchoma. Alikwenda nao mpaka kwenye banda, akauingiza, nikamsikia humo ndani akiufunga. Alipotoka alikuwa na bakuli la mtama. Akasimama kwenye ngazi, upepo umeshika kanga yake, akaita. Tuu-tuu-tuu-tuu.

Walikuja. Jogoo alisimama tena kwenye ngazi na ule mlio wake wa kooni, na mama mkwe akamwambia, "Panda, mjinga wewe, ni kwako." Akapanda. Wakapanda wote nyuma yake. Alibaki pale mpaka giza lilipowafanya wanyamaze, akafunga mlango, akarudi nyumbani na bakuli tupu. Alipopita kwangu nilikuwa nimeshapiga magoti, sijui hata kwa salamu gani. Akanipa bakuli, akaenda kunawa.

Alifanya hivyo jioni nyingine nyingi, mpaka wakazoea. Mchana tulipiga lipu chumba chote upya, mimi na Monika, tukatoa udongo wa sakafu uliolowa miaka ya kuku, tukaweka mpya. Mabadiliko hayakuja siku moja. Dawa ya nesi ilikuwa ileile, lakini sasa ilikuwa na mahali pa kufanyia kazi. Kikohozi kikawa kifupi. Kikawa cha alfajiri tu. Baridi ya mwezi wa sita ilikuja na upepo wake wa kukata masikio, tukajifunika kila kitu tulichokuwa nacho, na ile ngozi ya kitanda mama mkwe aliitandua akaniwekea kwenye mkeka bila kunieleza. Mimi nililala wakati wote huo nusu nusu, sikio moja juu ya kifua cha mtoto.

Asubuhi moja niliamka nikakuta jua limeshaingia mpaka kwenye mitungi. Sijawahi kulala hivyo tangu niolewe. Monika alikuwa ameshaondoka kwenda kisimani. Mama mkwe alikuwa amechuchumaa kando ya mkeka, kanga imemwanguka begani na hajaiokota, na kiganja chake kimesimama juu ya kifua cha Yusta, hakijagusa, kiko juu yake kidogo kama mtu anayeota moto. Mdomo wake ulikuwa wazi. Nilidhani amekufa mtoto. Nikainuka. Kisha nikaona kanga ya Yusta inapanda na kushuka.

"Hajakohoa," mama mkwe akaniambia. Aliniambia mimi, uso kwa uso. "Sikumsikia kabisa leo."

"Amelala tu, mama."

"Wale wangu wanne walinyamaza hivi hivi," akasema. "Unafurahi kwamba wamepumzika. Unakwenda kuangalia."

Hakumaliza. Nikamwambia, "Mama, nisamehe," na akaniashiria kwa mkono ninyamaze, si kwa ukali, ni vile alivyotaka kuendelea kusikiliza. Nikakaa upande wa pili wa mtoto. Nje kuku walikuwa wanapiga kelele wafunguliwe na hakuna aliyekwenda. Uji uliungua, tukasikia harufu yake, hakuna aliyekwenda. Tulikaa pale wawili tukimwangalia anapumua mpaka alipoamka mwenyewe, akajinyoosha, akatutazama mmoja mmoja, akalia njaa.

Yusta ana wajukuu sasa. Akija kunitembelea, kama alivyokuja wiki hii kumwona shangazi yake, analala kwenye chumba kile cha mbele, na ni mtu wa kuchelewa kuamka. Monika aliniuliza juzi kwa nini ananiona nikisimama mlangoni pa mtu mzima asubuhi kama askari. Nikamwambia nasikiliza. Hakuniuliza nasikiliza nini. Alikuja akasimama karibu yangu.